Betri ya sola huuawa na joto: kabla ya kununua nyingine, ihamishe

Mimi ni fundi wa sola. Kwetu ni Malindi, lakini kazi yangu nyingi iko Garissa na vijiji vya pembeni, njia ya Dadaab na njia ya Modogashe. Swali ninaloulizwa kuliko yote, huko bara na hata nirudipo pwani, ni hili: mbona betri niliyoinunua kwa pesa nyingi imekufa kabla haijatimiza miaka miwili?

Anayeuliza mara nyingi huwa ameshatoa hukumu, kwamba betri ilikuwa feki. Feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi nikiingia chumbani naikuta betri nzuri iliyowekwa mahali pabaya. Na mwenyewe ameshanunua mpya, anataka niiweke pale pale ilipofia mwenzake.

Joto linafanya nini

Betri nyingi za sola bado ni za risasi na asidi. Ndani mna sahani za risasi zilizozama katika asidi ya salfa, na umeme hutokana na kemia kati ya vitu hivyo viwili. Kemia yoyote huenda mbio ikipata joto, ile ya kuchaji na ile ya kuozesha sahani pia. Watengenezaji hupima umri wa betri kwa joto la nyuzi 25. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10 juu ya hapo, umri hukatika nusu. Betri ya miaka minne ikikaa kwenye nyuzi 35 siku zote, itegemee miwili. Kwenye nyuzi 45, mwaka mmoja.

Garissa nyuzi 35 mchana ni jambo la kawaida, na hiyo ni kivulini. Chumba kidogo cha mabati chenye dirisha lililofungwa hupita hapo kwa mbali. Sasa mtu huiweka betri juu ya kabati, karibu na bati, ili watoto wasiiguse. Nia njema, lakini hewa ya moto hupanda juu, kwa hiyo ameiweka kwenye tanuri.

Wenye kununua betri za lithiamu wasijione wameokoka. Zinastahimili zaidi, lakini nazo umri wake hupungua kwa joto, na nyingi zina kinga ya ndani inayozuia kuchaji joto likizidi. Mtu huona jua linawaka na betri haijai, akadhani paneli imeharibika.

Mahali pa kuihamishia

Tafuta chumba chenye ukuta mnene, upande usiopigwa na jua la alasiri. Iweke chini, karibu na sakafu, lakini juu ya mbao au matofali ili ipitiwe na hewa na isiguswe na maji ya kupigia deki. Kama kuna watoto, itengenezee sanduku la mbao lenye kufuli na matundu chini na juu. Matundu ya juu ni lazima: betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi, hupanda, na hulipuka ikikutana na cheche. Kwa sababu hiyo betri isikae jikoni, wala chumba cha kulala, wala karibu na meko ya mkaa au kitezo cha ubani.

Chimbo la kuizika betri ardhini, ambalo baadhi ya watu hulipenda kwa ubaridi, silishauri. Siku mvua ya Garissa ikija huja kwa fujo, na shimo hujaa kabla hujatafuta ndoo.

Waya usiponzwe na umbali

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakihamisha betri hurefusha waya ule ule mwembamba. Chukua mfano wa inveta ya volti 12 inayobeba mzigo wa wati 1,000. Itavuta kama ampea 83. Ukiiweka betri mita 6 mbali, waya wa kwenda na kurudi ni mita 12. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, utapoteza zaidi ya volti 1 njiani, waya utapata moto, na inveta italia kwamba betri imeisha ilhali haijaisha. Kwa waya wa milimita 50 utapoteza kama theluthi ya volti, lakini bei yake utaikumbuka.

Dawa rahisi ni kuhamisha betri na inveta pamoja. Zikae jirani, mita moja au pungufu, kisha umeme wa volti 240 ndio usafiri kwenda vyumbani. Huo hutembea kwa ampea chache na waya wa kawaida unamtosha. Fyuzi iwe karibu kabisa na nguzo ya chanya ya betri, maana waya ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi.

Siku ya kubadilisha

Zima vifaa vyote. Tenganisha paneli kwanza, ndipo uiguse betri, na uanze na waya wa hasi. Vua pete na saa ya chuma. Unaporudisha, anza na betri, paneli ziwe za mwisho. Kontrola nyingi huharibika zikipata paneli bila betri. Asidi ikimwagika, mwagia magadi soda kisha maji mengi.

Usichanganye betri kuukuu na mpya. Kuukuu humvuta mpya chini, na baada ya miezi una kuukuu mbili. Betri ya kuongezwa maji iongezwe maji ya betri yaliyosafishwa, kamwe si ya kisima. Visima vingi vya kaskazini mashariki vina chumvi, na chumvi ni sumu kwa sahani.

Mwisho, angalia kontrola. Betri ya moto inahitaji chaji ya volti ndogo kidogo kuliko ya baridi. Kontrola nzuri hujirekebisha yenyewe, ikiwa kipima joto chake kimefungwa kwenye betri. Nimekuta vipima joto vingi vimeachwa ndani ya boksi.

Iliyokufa inakwenda wapi

Sisi wa pwani ndio wa mwisho kuruhusiwa kulipuuza hili. Kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kilikaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Risasi iliingia hewani, majini na katika damu ya watoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Phyllis Omido aliyepigania wakazi alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Lakini pesa haitoi risasi kwenye ubongo wa mtoto.

Kila betri inayokufa kabla ya wakati Garissa hupanda lori la vyuma chakavu na kuteremka mahali fulani kuyeyushwa, pengine karibu na nyumba ya mtu. Kuna mwenye duka huimwaga asidi mchangani kwanza ili mzigo uwe mwepesi, na mbuzi hupita hapo hapo. Usimwuzie mtu wa namna hiyo. Irudishe kwa muuzaji anayepokea kuukuu unaponunua mpya, ikiwa nzima na asidi yake ndani.

Na pale betri isipohitajika, usiiweke. Pampu ya kisima isukume maji mchana jua likiwa kali na kuyajaza tangini. Tangi ndilo betri yako. Friji za chanjo za kisasa zinazoendeshwa moja kwa moja na jua hufanya vivyo hivyo: hugandisha barafu mchana, na barafu hutunza ubaridi usiku. Hakuna betri ya kufa.

Ombi langu kwa kamati za misikiti, madrasa na zahanati: mnapoandika bajeti ya betri mpya, ongezeni mstari mmoja wa kujenga kibanda chenye kivuli na hewa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya betri moja, na ndicho kitakachowafanya msichangishane tena mwakani.