Maumivu ya Tumbo ya Kila Jumatatu

Wahudumu wa zahanati wanamfahamu mtoto huyu, ingawa kila mmoja amemjua kwa jina lingine. Huletwa na mama yake asubuhi ya Jumatatu, amevaa sare ya shule, analalamika kuwa tumbo linamuuma. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Choo ni safi, mkojo ni safi. Hupewa dawa ya kutuliza maumivu, na kufikia saa sita mchana tumbo limekwisha kupoa. Jumatatu ifuatayo anarudi tena.

Maumivu hayo si ya uongo. Hofu na upweke huvuruga mwendo wa tumbo, huondoa hamu ya chakula na kukata usingizi. Mtoto asiyejua namna ya kusema kwamba ametengwa hulisema jambo hilo kwa mwili wake. Ni wajibu wa mhudumu kwanza kuhakikisha kuwa hakuna ugonjwa mwingine. Lakini vipimo vikiwa safi kwa mara ya pili, lipo swali ambalo halimo katika fomu ya maabara: shuleni unakaa na nani?

Mji uliokusanya watoto wa kila namna

Kikuyu, katika Jiji la Dodoma, ni mahali panapofaa kulitazama swali hilo. TANU iliamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa vitendo mwaka 2016 mji huu umepokea familia kutoka kila upande wa nchi. Katika darasa moja anaweza kukaa mtoto wa Kigogo aliyelelewa kusalimu kwa "mbukwenyi", mtoto wa mtumishi aliyehamia kutoka Dar es Salaam, mtoto wa Kirangi kutoka Kondoa, na pengine Msandawe kutoka Chemba, ambaye lugha ya kwao ina sauti za kidoko zinazowashangaza wenzake. Miongoni mwao wapo wasiosikia vizuri, wenye uoni hafifu, wenye kifafa na wenye ualbino.

Kikuyu inayo pia kumbukumbu ya namna watu tofauti walivyozoeana. Majengo ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, kilichoanza mwaka 2007, yalikuwa ya Shule ya Sekondari Mazengo, iliyobeba jina la Mtemi Mazengo wa Wagogo. Katika zama zile Serikali iliwapeleka vijana wa sekondari mbali na kwao kwa makusudi, ili wa mkoa huu aishi na wa mkoa ule. Kuambiwa tu kwamba wapendane kusingetosha. Walizoeana kwa kulala bweni moja, kufagia kwa zamu na kula meza moja. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya kazi, na siku asipokuwepo, pengo lake lilionekana.

Hapo ndipo penye kiini cha makala hii: mtoto hujiona ni mmoja wa kundi pale kundi linapomhitaji.

Kutoka Buigiri hadi darasa la wote

Mashariki ya Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ipo Buigiri. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilifungua hapo shule ya watoto wasioona, mojawapo ya shule za mwanzo kabisa za aina hiyo nchini. Katika mkoa ambao trakoma imetesa macho ya vizazi vingi, hilo halikuwa jambo dogo. Zaidi ya kujifunza kusoma kwa Breli, mtoto asiyeona alipata pale kitu ambacho pengine hakukipata kijijini: wenzake ambao kwao yeye hakuwa kioja.

Baadaye dunia ilianza kuuliza kwa nini mtoto huyo apate wenzake mbali na nyumbani tu. Mwaka 1994, huko Salamanca, Hispania, wawakilishi wa serikali 92 walikubaliana kwamba shule za kawaida ziwapokee watoto wote. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Haya ni mafanikio ya kweli. Hata hivyo sheria hufungua lango la shule. Haiwezi kumfanya mtoto ampishe mwenzake kwenye benchi wakati wa uji.

Yanayomtenga mtoto

Mara nyingi watoto hutenga wasichokielewa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tiba ni maelezo sahihi, na mhudumu wa afya ndiye mwenye maelezo hayo.

Tuanze na usikivu. Sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu ni chanzo cha kawaida cha watoto kupoteza usikivu, na mara nyingi hutibika likiwahiwa. Mtoto wa namna hii hujibu swali ambalo hakuulizwa, darasa likacheka. Baada ya kuchekwa mara kadhaa huacha kujibu kabisa, naye huitwa mjinga au mkaidi. Akikalishwa mbele, mwalimu akamtazama usoni anapozungumza, kicheko hukosa sababu. Kwa mtoto kiziwi, alama kumi au ishirini za Lugha ya Alama ya Tanzania zikifundishwa darasa zima humfungulia mlango wa kuzungumza na wenzake, na si na mwalimu peke yake.

Kifafa nacho huogopwa kuliko kinavyostahili. Hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kumshika mgonjwa. Wanafunzi wakijua la kufanya, hofu hupungua: waondoe vitu vinavyoweza kumuumiza, waweke sweta iliyokunjwa chini ya kichwa chake, wamlaze ubavu, wasimbane na wasimtie chochote kinywani. Degedege likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Darasa linalojua hivyo huwa ni walinzi wa mwenzao badala ya kumkimbia.

Mwenye ualbino huona kwa shida kwa sababu macho yake, kama ngozi yake, yamepungukiwa rangi inayokinga mwanga. Kofia pana na mikono mirefu kwake ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, na kanuni za sare zisimzuie kuvivaa. Akae karibu na ubao, mbali na mwanga mkali wa dirisha, naye aruhusiwe kuusogelea ubao bila kuomba kila mara. Mstari wa asubuhi na michezo vikifanyika kivulini, hatalazimika kuchagua kati ya ngozi yake na marafiki zake.

Yule aliyeingia darasani na lafudhi ya kwao naye asisahauliwe. Hana ugonjwa wowote, lakini kuchekwa kila anapofungua kinywa huumiza vilevile. Mwalimu akimwomba alifundishe darasa salamu za kwao, kilichokuwa kichekesho huwa elimu.

Kumpa sehemu, si huruma

Huruma peke yake humweka mtoto pembeni kwa upole. Anayesamehewa kila kazi hukaa chini ya mti akitazama wenzake wakicheza, na ingawa hakuna aliyemtukana, hayumo. Afadhali apewe sehemu halisi. Mwenye mguu dhaifu anaweza kuhesabu pointi za rede na neno lake likawa la mwisho. Mpira ukifungwa njuga, asiyeona husikia unakotoka na kuucheza. Ugogoni njuga hazitafutwi mbali, kwani wachezaji wa ngoma huzivaa miguuni. Na ngoma zenyewe zinayo nafasi ya kiziwi: mlio wa muheme hupenya ardhini, naye huupokea kwa nyayo na kwa kifua.

Zipo pia shughuli zisizogharimu kitu: wawili wawili kuchota maji, kugawa madaftari, kumwagilia miche, kusindikizana nyumbani. Mwalimu abadilishe jozi hizo kila baada ya wiki chache, ili mtoto asibaki na msaidizi mmoja aliyechoka. Na choo kisichofikika kwa magongo au kiti cha magurudumu kisihesabiwe kuwa jambo la ujenzi tu. Mtoto anayeacha kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji choo hana raha ya kukaa na wenzake.

Kwa mhudumu, na kwa mzazi

Mhudumu mwenzangu, unapomrudisha mtoto shuleni na miwani, dawa ya kifafa au tiba ya sikio, ongeza maswali matatu: Nani hukaa karibu nawe? Mnacheza nini wakati wa mapumziko? Usipokwenda shule, nani hukuulizia? Akinyamaza, andika jambo hilo kama unavyoandika homa. Kisha, kwa ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, mwandikie mwalimu maelezo mafupi: akae wapi, afanye nini, wenzake waelezwe nini. Siri ya mgonjwa ni mali yake. Darasa lielezwe yale tu aliyokubali yaelezwe. Ukisikia habari za kupigwa au kudhalilishwa, usiishie kwenye barua: mshirikishe mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii.

Mzazi, usimfiche mtoto wako, wala usisubiri shule igundue yenyewe. Fika kwa mwalimu wa darasa mwanzoni mwa muhula, umweleze mtoto anaweza nini kabla ya kumweleza ameshindwa nini. Na wewe ambaye mtoto wako hana shida yoyote, mwulize leo jioni ni nani darasani asiye na wa kucheza naye. Huenda jibu analo, ila hajawahi kuulizwa.

Jumatatu ijayo mama yule atafika tena zahanati, ameshika mkono wa mwanawe. Mpime kama kawaida. Kisha vuta kiti, ukae usawa wa macho yake, umwulize habari za rafiki zake, na umpe muda wa kujibu.