Namna ya Kufundisha Shofa Mpya Njiani

Ndugu zangu wa vijiji vya kando ya njia ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi! Labda mtasema: huyu ni monitere wa mashamba, mambo ya makamyo yanamhusu nini? Yananihusu, na ninyi vilevile. Mahindi yenu yanakwenda sokoni kwa kamyo. Watoto wenu wanakwenda masomo kwa miguu kando ya njia ileile. Tena, mavuno yakiisha, baba fulani anauza magunia yake ili kijana ajifunze ushofa. Basi sikilizeni namna kijana anavyopaswa kufundishwa, mpate kujua kama pesa yenu imelipia kazi ya kweli.

Zamani shaba ilichukuliwa na treni. Reli ilifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika mwaka 1910. Siku hizi sehemu kubwa inapita kwa makamyo mbele ya milango yetu. Kwa sababu hiyo shofa mpya ajifunze kwanza uzito. Fikirini sanduku lenye mita 1 kila upande. Likijaa maji, lina tani 1. Likijaa mahindi, halifiki tani 1. Likiwa shaba tupu, lina karibu tani 9! Kamyo ya shaba inaonekana kama haina kitu, kumbe imejaa kabisa. Mwalimu mwema hampi kijana mzigo kamili siku ya kwanza. Anampa kamyo tupu, mchana, mahali peupe. Baadaye nusu ya mzigo. Baadaye mzigo wote. Usiku na mvua huja mwisho. Wengine wanageuza mambo: kijana ni boi-shofa miezi miwili, anaosha kamyo na kufunga turubai, halafu usiku mkubwa wake akishikwa na usingizi anamwambia, "Shika volani." Hilo si fundisho, ni bahati tu.

Kabla ya kuondoka, kijana azunguke kamyo yote: mipira, nati za magurudumu, taa, kamba za mzigo. Freni za makamyo makubwa zinafanya kazi kwa nguvu ya hewa. Angoje hewa ijae, asikilize kama inavuja.

Sasa mtelemko. Hapa nataka mwelewe vema, maana hapa ndipo wengi wanapokufa. Kamyo nzito inayotelemka inasukumwa na mzigo wake. Shofa akiishika kwa freni peke yake, freni zinapata moto, mwishowe hazishiki tena. Kinachosaidia ni mashini yenyewe: ukiweka vitesi ndogo, mashini inazuia magurudumu. Lakini vitesi ichaguliwe juu ya kilima, kabla ya kuanza kutelemka. Ukiwa katikati, kamyo ikikimbia, vitesi ndogo inakataa kuingia.

Mimi mwenyewe nilipanda kamyo ya mahindi, nikaketi mbele pamoja na shofa aliyeanza karibuni. Tulipofika kwenye mtelemko akatoa vitesi kabisa, akacheka, akasema anaponya mazuti. Kisha nikasikia harufu ya kuungua. Alikanyaga freni mara tatu, kamyo isisikie. Alipindisha volani tukaingia katika shamba la mihogo, na udongo laini ukatusimamisha. Hakuna aliyekufa. Lakini shamba lilikuwa la mama mjane, na mihogo ya mwaka mzima ilivunjika. Mwenye kamyo aliahidi kulipa. Mama anangoja hata leo. Nami najiuliza, mazuti yaliyoponywa siku ile yalijaza chupa ngapi?

Jambo lingine ni nafasi. Kamyo yenye mbio ya kilometa 60 kwa saa inapita karibu mita 17 kila sekunde, kabla mguu haujafika freni. Na mbio ikiwa mara mbili, njia ya kusimama inakuwa mara nne. Katika vumbi la wakati wa jua, au katika matope, shofa aongeze nafasi, asifuate mkia wa mwenzake. Akivuka maji, freni zimelowa. Azikanyage polepole mara kadhaa zikauke.

Tena pale Kasumbalesa mambo yanageuka. Katika Zambia magari yanapita mkono wa kushoto, kwetu mkono wa kuume. Makamyo mengi yanayotoka huko yana volani upande wa kuume, hata shofa wake akiwa kwetu haoni vema mbele anapotaka kumpita mwenzake. Mwanafunzi afundishwe kubaki nyuma sana, mpaka njia ionekane mbali. Kama haioni, asipite. Ninyi mnaotembea kwa miguu, piteni upande wa kushoto, ili mwone kamyo inayowajia usoni.

Kuna pia makamyo ya asidi. Katika Februari 2019, karibu na Tenke, kamyo ya namna hiyo iligongana na motokari nyingine, na watu zaidi ya 15 wakafa. Maji ya ndani ya tanki yanatembea: ukikata kona kwa nguvu yanaisukuma kamyo ianguke. Mwanafunzi asianze na mzigo huo hata kidogo. Ikianguka, msikimbilie na bidoni. Mkae mbali, upande upepo unakotoka. Aliyeguswa aoshwe kwa maji mengi, muda mrefu.

Na mimi kama monitere nina neno moja kwa akina mama, nanyi msinikasirikie. Mnaanika mihogo juu ya gudroni kwa sababu inakauka upesi. Shofa mzee anajua kupunguza mbio. Shofa mpya anaikwepa kwa ghafula, na upande wa pili kuna mtu wa kinga na makala yake. Anikeni juu ya mikeka nyuma ya nyumba, kwenye jukwaa la miti lililoinuka kiasi cha kiuno, kuku na mbuzi wasifike. Itakauka siku mbili nyuma ya ile ya gudroni, lakini unga wake hautakuwa na mchanga.