Isidingo: Mchezo wa mali na kinyongo ulivyoamuliwa Mara

UKITAKA kujua wananchi wa mahali fulani wanahesabu jambo gani kuwa haki na jambo gani kuwa dhuluma, usiwaulize habari za vifungu vya sheria. Waketishe mbele ya mchezo wa televisheni wenye tajiri, mkewe na mtoto ambaye mke huyo hakumzaa, kisha uwasikilize mchezo ukiisha.

Mchezo wa namna hiyo tuliupata kutoka Afrika Kusini. Isidingo, neno ambalo maana yake ni hitaji, ulianza kuonyeshwa huko mwezi wa Julai, 1998, ukaendelea kwa zaidi ya miaka 20 mpaka ulipofungwa Machi, 2020. Hapa kwetu ulionyeshwa na kituo cha ITV, na katika miaka ya mwanzo ya 2000 ulikuwa miongoni mwa michezo iliyowafanya watu wale chakula cha usiku mapema. Msomaji akumbuke kwamba wakati huo televisheni ilikuwa bado jambo geni Tanzania Bara. Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Bara tulingoja mpaka mwaka 1994.

Kisa chenyewe kilianzia katika mji wa kubuniwa uitwao Horizon Deep, mji wa mgodi wa dhahabu. Humo alikuwamo Barker Haines, tajiri mwenye amri juu ya kila kitu isipokuwa nyumba yake mwenyewe. Alikuwamo binti yake, Lee. Na alikuwamo Cherel, mke wa Barker, mwanamke mzuri wa sura na mwepesi wa ulimi, ambaye kwa ajili ya mali na cheo hakusita hata kuua. Marehemu Michelle Botes, aliyefariki Desemba, 2024, aliigiza nafasi hiyo kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba watazamaji walimchukia kana kwamba ni jirani yao. Ashley Callie, aliyekuwa Lee, alifariki kwa ajali ya gari Februari, 2008, na wapo waliomlilia kama ndugu.

Katika vijiji vya Tarime na Serengeti, kuutazama mchezo huo hakukuwa kazi nyepesi. Busawe, kama vijiji vingi vya upande ule, ilikuwa mbali na nguzo za umeme, na Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007 tu. Mwenye televisheni aliitegemea betri ya gari, na betri ikiisha nguvu ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa mjini kuchajiwa. Ubaya wa betri ni kwamba haikuchagua mahali pa kuzimika. Ilizima hata Cherel akiwa katikati ya hila zake, na waliokuwepo wakalazimika kuumaliza mchezo kwa kubuni. Tena lugha za mchezo zilikuwa Kiingereza, Kiafrikana, Kizulu na nyinginezo, hivyo kijana aliyesoma sekondari ndiye aliyewatafsiria wazee. Tafsiri yake mara nyingi ilikuwa na maoni yake ndani.

Nyumba

Kwa mtu wa mjini, kosa la Cherel lilikuwa tamaa. Lakini anayezijua desturi za Wakurya na jamaa zao ataona mara moja kwamba huko shauri hili lina sura nyingine. Katika boma la mzee mwenye wake wengi, kila mke ni nyumba, na kila nyumba ina mashamba yake na ng'ombe wake. Binti wa nyumba hiyo akiolewa, ng'ombe wa mahari yake ndio wanaomwoza kaka yake wa tumbo moja. Ikitokea baba akawachukua ng'ombe hao kujiolea mke mwingine, au kumwoza mtoto wa nyumba nyingine, basi hilo ni deni. Deni hilo halifi. Laweza kukaa miaka 30 na kudaiwa na wajukuu, na kinyongo chake huingia hata msibani, pale ndugu wa baba mmoja wanapokaa mbalimbali.

Kwa kipimo hicho, mke kuitaka mali kwa ajili ya nyumba yake si dhambi. Ni wajibu wa mama yeyote mwenye watoto. Dhambi ni kunyosha mkono hadi nyumba ya mwenzio. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ni kali kuliko ile ya mjini, kwa sababu haimwachi baba apite bila lawama. Barker ndiye aliyeshindwa kuzigawa nyumba zake. Mzee anayechanganya ng'ombe wa nyumba mbili katika zizi moja bila kumbukumbu, ugomvi wa watoto ni wake.

Lee naye alikuwa na swali lake. Huyu ni binti, na mchezo ulimchukulia kuwa mrithi wa haki bila mtu yeyote kushangaa. Huku kwetu kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa katika Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963 zilimweka mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa katika daraja la kwanza, wanaume wengine daraja la pili, na mabinti wote daraja la tatu, lenye fungu dogo kuliko yote. Mwaka 1990, katika shauri la Bernardo Ephrahim na Holaria Pastory, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke aweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama mwanamume. Shauri hilo lilitoka mkoani Kagera. Huko vijijini, mama na binti waliokaa mkeka mmoja wakimtazama Lee akibishana na baba yake juu ya mali waliona jambo ambalo hakimu wa Mwanza alikwisha kulisema, lakini ambalo katika boma lao halijasemwa.

Mgodi

Kisha dhahabu ikawa si ya mchezo. Mgodi wa North Mara, Nyamongo, wilayani Tarime, ulianza uzalishaji mwaka 2002, wakati ule ule Horizon Deep ilipokuwa ikionekana kwenye vioo vya vijijini. Ardhi ilipotwaliwa, mthamini alikuja na fomu. Alihesabu vyumba, akahesabu migomba na miti, akaongeza posho ya usumbufu na ya usafiri kama kanuni za ardhi zinavyoagiza. Palizuka hata neno jipya, tegesha, yaani kupanda mazao na kusimamisha nyumba haraka haraka ili mthamini azikute.

Lakini fomu hiyo haikujua nyumba. Iliandika jina la mtu mmoja, mara nyingi baba au mtoto mkubwa wa kiume. Shamba ambalo mama mdogo alililima miaka mingi, kwa desturi likiwa la nyumba yake na watoto wake, likageuka fedha katika akaunti ya mtu mwingine. Ng'ombe huonekana zizini na kila mtoto anamjua kwa rangi yake; fedha ya benki haina rangi wala haisemi imetoka nyumba ipi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, ila sheria hiyo haisimami yenyewe shambani siku mthamini anapofika.

Siku hizi michezo ya mali na urithi inatoka kwetu wenyewe, kwa Kiswahili, na kijana wa kutafsiri hana kazi tena. Katika mingi ya michezo hiyo mzee hufa, wakili akafungua bahasha, na ugomvi ukaanza. Mtazamaji wa Mara ana haki ya kuitilia shaka bahasha hiyo. Kwa kanuni zile za mwaka 1963, wosia wa mdomo wahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Wakili wa kwenye televisheni huja peke yake.