Maneno ya nyumbani niliyoyakuta ughaibuni

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga, nami kwa miaka mingi nilidhani methali hiyo ilikusudiwa watu wengine. Nimerejea Machakos baada ya miaka kumi na mitatu nchini Ujerumani, nilikokwenda kusomea isimu na hatimaye nikaifundisha.

Siku ya pili mama alinichukua hadi shambani, kwenye miteremko ya vilima vya Iveti, akanionyesha mahali ambapo mvua za Novemba zilikuwa zimelibomoa tuta. Akapataja mahali hapo kwa neno la Kikamba ambalo sikulielewa. Mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya msingi, akanitafsiria kwa Kiingereza. Mama akanitazama, akauliza: "Huko ulikokuwa, mwanangu, ulikuwa ukifundisha lugha ya nani?" Sikuwa na jibu.

Kilichoniuma zaidi ni kumbukumbu. Huko ughaibuni, katika vitabu vya uhifadhi wa udongo, nilikuwa nimekutana na maneno "fanya juu" yamepigwa chapa vivyo hivyo, bila kutafsiriwa. Ni jina la aina ya matuta iliyoenea sana hapa kwetu: mkulima huchimba mtaro kukingama mteremko, akautupa udongo upande wa juu, na kadiri miaka inavyopita shamba hujisawazisha lenyewe. Leo wataalamu hulitumia jina hilo hata Ethiopia. Nililisoma kwa fahari, kumbe tuta lenyewe lilikuwa likibomoka kwetu.

Matuta haya yana historia chungu. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliiona Machakos kuwa nchi inayokufa kwa mmomonyoko, ikaamuru mifugo ipunguzwe kwa nguvu. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga amri hiyo, naye akahamishiwa Lamu. Baadaye watu walilazimishwa kuchimba matuta, wakayachukia. Hawakuuchukia udongo wao, walichukia kushurutishwa. Baada ya uhuru waliyachimba kwa hiari, mara nyingi kwa mwethya, yaani ujima wa majirani. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu katika wilaya ya Machakos ya wakati huo iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua.

Wapo wasomi wenzangu wanaodai kwamba lugha zetu haziwezi kubeba sayansi. Waama, wangefika hapa wakamsikiliza mwanamke asiye na shahada akieleza kina cha mtaro, mwelekeo wa maji na nyasi zinazofaa kushikilia kingo za tuta. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze na kulinda lugha asilia. Hata hivyo, katiba haiketi nasi jikoni jioni. Mpwa wangu hajibu kwa Kikamba kwa sababu sisi tuliosoma tulimfundisha, kwa mfano wetu, kwamba mwenye elimu hakisemi.

Tuliorudi tuna mazoea ya kuorodhesha kasoro za nyumbani: barabara, foleni, siasa. Afadhali tumkumbuke Mutisya Munge wa Wamunyu. Alirudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa amejifunza uchongaji wa vinyago huko Tanganyika, akaketi na watu wake, na ufundi huo ukazilisha jamaa nyingi za Ukambani. Hakurudi kuwasimulia tu aliyoyaona.

Jumamosi iliyopita majirani walikuja kwa mwethya. Nilishika jembe, na kabla ya saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, jambo lililowafurahisha wengi. Mpwa wangu alikaa na daftari ukingoni mwa mtaro, akiandika kila neno la Kikamba alilolitaja nyanya yake, nami nikimwuliza maana. Tulipata maneno thelathini na manne. Kumi na moja sikuwa nayajua, na saba hata yeye hakuyajua.

Tuta limesimama tena. Mvua za Machi zikinyesha, tutajua kama tulilichimba sawasawa.