Asilimia ya Nini?

Tani moja ya mahindi yenye unyevu wa asilimia 20 ikipokewa ghalani, lazima ikaushwe kwanza. Kiwango cha ubora cha Afrika Mashariki hakiruhusu mahindi ya kuuzwa yazidi unyevu wa asilimia 13.5. Mahindi yanaanikwa au yanapitishwa kwenye mashine ya kukaushia, kipimo cha unyevu kinarudiwa, kisha magunia yanapandishwa tena kwenye mizani. Mkulima naye amekwisha kupiga hesabu yake kichwani: 20 kutoa 13.5 ni 6.5, basi katika kilo 1,000 zitapungua kilo 65 na zitabaki 935. Mizani inasoma 925. Kilo kumi hazionekani, na hapo ndipo lawama zinapoanza kumwelekea mwenye ghala.

Mizani iko sawa na hakuna aliyeiba. Kosa limo katika kule kutoa. Asilimia 20 ilikuwa ya kilo 1,000. Asilimia 13.5 ni ya mzigo mwingine, ule uliokwisha kupungua, na asilimia za vitu viwili tofauti hazitolewi moja kwa nyingine kana kwamba ni shilingi.

Njia ya kutoka hapo ni kuuliza ni kitu gani ambacho jua halikukigusa. Jua limeondoa maji, basi. Punje zenyewe, yaani wanga, mafuta, protini na maganda, zimebaki zilivyokuwa. Katika kilo 1,000 za mwanzo maji yalikuwa kilo 200, hivyo sehemu kavu ilikuwa kilo 800. Baada ya kukausha, kilo hizohizo 800 ndizo asilimia 86.5 ya mzigo mpya, kwa kuwa maji sasa ni asilimia 13.5. Uzito mpya usiojulikana ukiitwa M, mlinganyo unaandikika kwa mstari mmoja: 0.865 × M = 800. Gawanya 800 kwa 0.865, unapata 924.9. Zimepotea kilo 75, na zote ni maji.

Anayedhani tofauti ya kilo kumi ni jambo dogo na ajaribu fumbo hili, ambalo walimu wa hisabati hupenda kuwapa wanafunzi kwa sababu jibu lake halikubaliki kirahisi. Kuna kilo 100 za viazi vyenye maji asilimia 99. Vikaanikwa mpaka maji yakashuka na kuwa asilimia 98. Vina uzito gani? Wengi hujibu kilo 99, na waangalifu zaidi hujibu 98. Jibu ni kilo 50. Sehemu kavu ilikuwa kilo 1, imebaki kilo 1, lakini sasa ni asilimia 2 ya mzigo wote, na kilo 1 huwa asilimia 2 ya kilo 50 tu. Viazi vya kweli havina maji mengi kiasi hicho, ila hesabu ni ileile ya mahindi.

Hesabu hii ina uzito wa maisha ya watu. Mahindi yanayohifadhiwa yakiwa na unyevu mwingi huota kuvu wa jamii ya Aspergillus, na kuvu hao hutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafariki. Mkulima anayeamini kwamba ghala linamwibia uzito anapokausha hana sababu ya kukausha vizuri. Akielewa zilikokwenda kilo 75, anaweza kudai bei inayolingana na ubora wa mahindi yake badala ya kugombana na mizani.

Mafumbo ya namna hii ni ya kale. Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika kitabu chake cha aljebra akisema kinakusudiwa kusaidia mambo ya kawaida ya watu: mirathi, ugavi, kesi na biashara. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Karne kadhaa baadaye, mwaka 1202, Fibonacci wa Pisa, aliyesomea hesabu ujanani huko Bugia katika Algeria ya leo, alitenga sura nzima ya kitabu chake kwa swali la kuchanganya fedha na shaba ili kupata sarafu ya ubora unaotakiwa. Kanuni ni moja: mfua sarafu akiyeyusha madini mawili pamoja, gramu za fedha zilizoingia ndizo zitakazotoka.

Ndiyo maana walimu wengi huwafundisha wanafunzi kuchora jedwali dogo kabla ya kugusa mlinganyo. Safu ya kwanza ni kiasi cha kila kimiminika au mzigo, ya pili ni asilimia yake, ya tatu ni zao la hizo mbili, yaani kiasi halisi cha kile kinachofuatiliwa. Kosa la kawaida ni kujumlisha safu ya pili. Asilimia hazijumlishwi. Safu ya tatu ndiyo inayojumlishwa, na mlinganyo unatoka humo.

Zahanati ni mahali pazuri pa kuyaona haya yakifanya kazi. Dawa ya klorini ya dukani, ambayo watu wengi huiita JIK, kwa miaka mingi imejulikana katika miongozo ya afya kwa nguvu ya asilimia 3.5. Sakafu iliyomwagikiwa damu husafishwa kwa mchanganyiko wa asilimia 0.5. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, mchanganyiko wa asilimia 0.05 ulikuwa wa kunawia mikono, na ule wa 0.5 ulikuwa wa vifaa na sakafu. Namba hizo mbili zinafanana kwa macho, lakini moja ina nguvu mara kumi ya nyingine. Ukikosea upande mmoja unaunguza ngozi za watu, ukikosea upande wa pili unawaacha virusi wazima.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua lita 1 ya dawa ya asilimia 3.5. Klorini iliyomo ni lita 0.035. Ukiongeza maji lita w, klorini inabaki 0.035 kwa sababu maji hayana klorini, na mchanganyiko wote unakuwa lita 1 + w. Kwa hiyo 0.005 × (1 + w) = 0.035, yaani 1 + w = 7, na w = 6. Sehemu moja ya dawa kwa sehemu sita za maji. Kwa asilimia 0.05 hesabu ileile inatoa sehemu moja kwa 69.

Jibu hilo limekaririwa na wahudumu wengi, na kukariri kwake kuna hatari mbili. Ya kwanza ni lugha. Anayesikia “moja kwa saba” anaweza kuweka chupa moja ya dawa na chupa saba za maji, jumla nane, naye hupata asilimia 0.44 badala ya 0.5. Saba ni idadi ya sehemu zote, maji ni sita. Hatari ya pili inakuja chupa inapobadilika. Duka likileta dawa ya asilimia 5, kipimo cha moja kwa sita kinatoa asilimia 0.71, na sahihi kingekuwa moja kwa tisa. Aliyekariri hana la kufanya. Anayejua mlinganyo anasoma lebo, anagawanya 5 kwa 0.5, anapata 10, anatoa 1, anaendelea na kazi. (Na kwa kuwa klorini imetajwa: isichanganywe kamwe na dawa za choo zenye asidi, maana hutoa gesi yenye sumu.)

Kuna hali ambapo aljebra ya darasani inahitaji kusahihishwa na maabara. Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya kutengeneza vitakasa mikono, iliyotumika sana mwaka 2020, inahitaji mililita 8,333 za ethanoli ya asilimia 96, mililita 417 za hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na mililita 145 za glisaroli, kisha maji hadi lita 10. Namba ya 8,333 inaonekana ya ajabu mpaka mtu aizidishe kwa 0.96 na kupata 8,000. Lengo lilikuwa ethanoli asilimia 80 katika lita 10. Vivyo hivyo 417 mara 0.03 ni 12.5, ambayo ni asilimia 0.125 ya lita 10.

Sasa mwanafunzi makini atajumlisha vimiminika vitatu, atapata mililita 8,895, na kusema maji yanayohitajika ni 1,105. Mfamasia hapimi hivyo. Anamimina maji mpaka yafike kwenye alama ya lita 10, na huishia kutumia zaidi ya 1,105, kwa sababu pombe na maji vikichanganywa ujazo husinyaa. Mililita 50 za ethanoli na 50 za maji hazitoi 100, hutoa 96 hivi au 97. Chembe za vimiminika hivyo viwili hujipanga kwa kubanana zaidi. Kwa hiyo jumla ya ujazo si kitu cha kutegemea, ila ethanoli yenyewe haikupotea. Fomula imeandikwa na watu waliojua ni kipi cha kukiamini.

Wafugaji wana njia yao ya mkato, inayojulikana kwa maafisa mifugo kama mraba wa Pearson. Tuseme pumba za mahindi zina protini asilimia 10, mashudu ya alizeti asilimia 30, na kuku wa mayai wanahitaji chakula cha asilimia 16. Andika 16 katikati ya mraba, 10 na 30 kwenye pembe za kushoto, kisha toa kwa mshazari: 16 kutoa 10 ni 6, 30 kutoa 16 ni 14. Mashudu sehemu 6, pumba sehemu 14, yaani kilo 30 za mashudu kwa kilo 70 za pumba katika kila kilo 100. Anayependa mlinganyo ataandika 30x + 10(100 – x) = 1,600 na kufika palepale, x = 30. Bila shaka kuku hali protini peke yake. Chokaa, nguvu na vitamini vinahitaji hesabu zake.

Mraba huo una faida nyingine: unakataa maswali yasiyowezekana. Hakuna mchanganyiko wa pumba na mashudu utakaofika asilimia 35, kwa kuwa jibu la mchanganyiko lazima liwe kati ya viungo viwili. Mwanafunzi anayepata jibu nje ya mipaka hiyo arudi nyuma kabla mwalimu hajamsahihisha.

Dukani mambo ni hayohayo, ingawa hakuna kinachomiminwa. Kiwango cha kawaida cha VAT Tanzania Bara ni asilimia 18. Risiti ikionyesha shilingi 11,800 kodi ikiwa ndani, wengi hutafuta asilimia 18 ya 11,800 na kupata 2,124. Kodi ya kweli ni 1,800. Asilimia 18 ni ya bei kabla ya kodi, hivyo 1.18 × B = 11,800 na B ni 10,000. Kenya ilipopunguza VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 Aprili 2020, kabla ya kuirudisha Januari 2021, wapo waliotarajia bei zishuke kwa asilimia 2. Bidhaa iliyouzwa shilingi 116 ilipaswa kuwa 114. Shilingi 2 katika 116 ni asilimia 1.7, wakati kodi yenyewe ilikuwa imepungua kwa asilimia 12.5. Namba zote tatu ni za kweli. Kila moja inajibu swali tofauti, na mtangazaji anayetaja moja bila kusema ni asilimia ya nini anampotosha msikilizaji hata asipokusudia.

Mtoto wa Tanzania anayesoma shule ya serikali hukutana na asilimia kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha hukutana na aljebra ya mafumbo kwa Kiingereza akiingia sekondari. Anayeshindwa fumbo mara nyingi huambiwa hajui hesabu, ilhali kugawanya 800 kwa 0.865 kunamshinda mara chache. Kinachomshinda ni kusoma sentensi na kutambua kila asilimia inahesabiwa juu ya nini, na hilo hufundishika vizuri zaidi kwa lugha anayoifikiria. Walimu wa kidato cha kwanza na cha pili wampe nafasi ya kulieleza fumbo kwa Kiswahili kwanza, aandike “asilimia 13.5 ya mzigo mpya” kwa maneno kamili, ndipo aingie kwenye herufi na namba. Vifaa vya kufundishia havihitaji bajeti: chupa tupu ya klorini yenye lebo, risiti ya dukani, mfuko wa chakula cha kuku ulioandikwa protini. Viletwe darasani muhula huu.