SOKO LA SANAA: Kiti cha mtemi kina bei Berlin, je, Bukene?

BUKENE, kituo cha reli ya Tabora hadi Mwanza, wilayani Nzega, si mahali pa majumba ya maonyesho. Habari za soko huko ni mazao na mifugo. Hata hivyo, nchi ya Wanyamwezi inayo bidhaa moja ambayo imekwisha kujipatia wanunuzi ng'ambo bila wenyewe kunufaika: uchongaji wa zamani.

Mwaka 1994 jumba la Haus der Kulturen der Welt mjini Berlin lilifanya maonyesho makubwa ya sanamu za Tanzania, yaliyohamia baadaye Munich. Katalogi yake ilibeba pia jina la Kiswahili, Sanaa za Mabingwa wa Kiafrika. Mwaka 2013 chuo cha Queensborough, New York, kikaandaa maonyesho ya "Shangaa", yaliyofika hadi Portland, Maine. Mnamo Novemba 2024 Humboldt Forum ya Berlin ilifungua maonyesho ya historia za Tanzania kwa kushirikiana na Makumbusho ya Taifa.

Kazi za Unyamwezi zina heshima kubwa katika fani hii. Mfano ni kiti cha mtemi wa Buruku, chenye mgongo mrefu uliochongwa umbo la mtu, ambacho kimo katika hazina ya makumbusho ya Berlin tangu enzi za Wajerumani.

Karatasi ndiyo bei

Katika biashara ya vitu vya kale, mnunuzi hulipia mbao na karatasi pamoja. Huuliza kitu kilitoka kwa nani, mwaka gani, na kimeonyeshwa wapi. Kiti kilichochapishwa katika katalogi huuzwa ghali kuliko pacha wake asiye na historia. Ndiyo maana muuzaji wa kwanza, huko kijijini, hulipwa bei ya kiti cha kukalia, na wa mwisho hulipwa bei ya historia.

Mfanyabiashara anayedhani ataziba pengo hilo kwa kukusanya vitu vya wazee aangalie sheria kwanza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda, pamoja na vingine, milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940. Tabora, mji wa misafara ya pembe, una urithi wa milango ya aina hiyo. Kusafirisha mali inayolindwa nje ya nchi bila kibali ni kosa, na hasara yake ni mzigo kukamatwa pamoja na mtaji wote.

Somo la Tingatinga

Njia salama zaidi ni kazi mpya. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa vipande vya ubao wa dari na rangi za dukani. Alifariki mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama cha ushirika. Leo jina lake ni jina la mtindo mzima.

Mafundi wengi wa zamani wa Unyamwezi hawakuandikwa majina. Fundi wa sasa asirudie hasara hiyo: aweke sahihi na mwaka, apige picha kila kazi, na atoe stakabadhi. Kazi mpya iuzwe kama mpya. Anayeifukiza moshi ili ionekane ya kale anaua soko la wenzake wote.

Mwekezaji mdogo naye ajue kuwa sanaa si gunia la mpunga. Haina bei ya kila siku, na haipati mteja siku mwenye nayo anapohitaji ada ya shule. Fedha ya pembejeo isiguswe.

Liko pia soko la kiingilio. Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement hupokea wageni wanaofuata vitu vilivyobaki nyumbani. Kwihara, karibu na Tabora, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Ukoo wenye kiti cha babu upige hesabu hiyo kabla ya kumwita dalali, kwani kiti kikishapanda treni hakina kiingilio tena.