Transista zilizoelemewa na programu iliyotumwa kuziokoa

Chini ya boneti ya Toyota Prius ya kizazi cha tatu, ile ambayo namba yake ya chasisi huko Japani huanza na ZVW30, kuna sanduku la alumini lililounganishwa kwa nyaya nene za rangi ya chungwa. Mafundi huliita inveta, ingawa limebeba zaidi ya inveta. Betri kubwa ya gari hilo hutoa takriban volti 200, ilhali mota zinaweza kutaka hadi 650. Kinachoziba pengo hilo ni kipandisha volti, na moyo wake ni transista za nguvu, vipande vyembamba vya silikoni vinavyowaka na kuzimika maelfu ya mara kwa sekunde. Dereva akikanyaga mafuta ghafla kwenye mlima, joto la transista hizo hupanda; akiachia, hushuka. Panda shuka hiyo ndiyo inayochosha chuma, silikoni na kila kilichowekwa kuvishikamanisha.

Februari 12, 2014, Toyota ilitangaza kuwa inayaita magari milioni 1.9 ya aina hiyo duniani kote yarudi kurekebishwa. Karibu milioni moja yalikuwa Japani kwenyewe, zaidi ya 700,000 Amerika Kaskazini. Kampuni ilieleza kwamba jinsi programu ya kipandisha volti ilivyopangwa iliweza kuzitia baadhi ya transista joto kupita kiasi, zikapinda au kuharibika. Mara nyingi taa za tahadhari zingewaka na gari lingejipunguzia nguvu ili dereva asogee kando. Mara chache mfumo ungezimika kabisa, gari likiwa barabarani.

Dawa ikawa programu mpya. Inveta zilizokwisha kuharibika zilibadilishwa bure, lakini zile zilizokuwa bado zinafanya kazi zilibaki na transista zilezile, sasa zikiwa na amri mpya. Kihandisi hoja hiyo ina mantiki: kama kifaa kinaelemewa, punguza unachokidai. Lakini ni sawa na kumpunguzia hamali gunia baada ya mgongo kuanza kumuuma. Gari lililokimbia miaka minne kwa mpangilio wa zamani lilishakula sehemu ya uhai wa transista zake, na hakuna programu inayourudisha.

Hesabu ya fedha nayo isisahaulike. Kupakia programu ni kazi ya muda mfupi kwenye gereji ya wakala. Kufungua sanduku, kumwaga maji ya kupozea na kufunga inveta mpya ni kazi nyingine kabisa, na kuizidisha mara milioni 1.9 kungemtia homa mhasibu yeyote. Sisemi kwamba hesabu hiyo ndiyo iliyoamua. Nasema tu kwamba kosa likishaitwa la programu, kila mtu kiwandani hupumua.

Oktoba 2018 suala likarudi. Toyota iliyaita tena magari ya haibridi yapatayo milioni 2.4, Prius na Auris, na kukiri kwamba marekebisho ya 2014 na 2015 hayakuwa yametarajia hali moja: hitilafu ikitokea, gari lingeweza kushindwa kuingia kwenye ile hali ya kujipunguzia nguvu, likazimika moja kwa moja. Kabla ya hapo muuzaji mmoja wa Toyota huko California alikuwa ameishtaki kampuni, akidai magari yaliyopakiwa programu mpya yanarudi kwake yakiwa na inveta zilizokufa. Toyota ilikana madai hayo. Dawa ya 2018? Programu tena.

Kwetu jambo hili lina sura yake. Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likizidi miaka minane, kwa hiyo Prius ya 2010 iliweza kushushwa Mombasa mwaka 2016 au 2017. Barua ya wito wa mwaka 2018 ilimtafuta mmiliki aliyeandikishwa Japani. Mwenye gari aliyeko Nakuru hakuwa kwenye daftari la huko. Akiona taa zimewaka, anakwenda kwa fundi, mashine ya kupimia inasoma P0A94, namba ya hitilafu ya kipandisha volti, fundi anaifuta, taa zinazimika, na safari inaendelea hadi mlima unaofuata. Namba hiyo haimaanishi kila mara kwamba transista zimeungua. Inveta ina maji yake ya kupozea na pampu yake ya umeme, mbali na ya injini, na pampu ikigoma joto hupanda vilevile. Fundi mwangalifu huanzia hapo, kwa sababu pampu ni nafuu.

Anayetaka kununua gari la namna hii anaweza kuomba namba ya chasisi kabla ya kulipa. Toyota ya Japani ina ukurasa wa kuingiza namba hiyo na kuona ni wito gani unalihusu gari na kama kazi ilifanyika. Umeandikwa Kijapani, ila simu nyingi siku hizi hutafsiri. Mwenye yadi akisita kuitoa namba yenyewe, magari mengine yapo.